Vigelegele vya Kilima Kipara

Hapo zamani za kale, enzi zile Nungunungu alipokuwa na sebule yenye mkeka na Nyati akipiga pasi kanzu yake kila jioni, palikuwa na kilima kimoja kikavu kisicho na mti hata wa dawa. Wenyewe walikiita Kilima Kipara.

Chini ya kilima hicho palikuwa na chemchemi moja. Moja tu, wanangu! Wakati wa mvua hakuna aliyeijali, kila mtu alikinga maji uani kwake. Lakini kiangazi kikishakaza, wanyama wote waliamkia pale na ndoo zao na mitungi yao.

Sasa, nani ateke kwanza? Hapo ndipo palipokuwa na maneno. Ili watu wasitoane macho, iliwekwa sheria: kila mwaka kiangazi kikianza, kutakuwa na mbio za kukizunguka kilima, mnaanzia chemchemini na mnamalizia chemchemini. Kila timu iwe na watu watatu. Timu itakayotangulia kufikisha watu wake wote watatu, hiyo pamoja na jamaa zake ndiyo itakayoteka kwanza kila asubuhi, mpaka mvua zirudi.

Na kila mwaka walishinda wale wale: Bwana Nyati, Bwana Punda Milia na Bwana Mbuni. Walishinda kirahisi, maana walikimbia peke yao. Nani angejipeleka kushindana na miguu ile?

Basi kukipambazuka, Nyati anaingia chemchemini na kwato zake, chubwi! Punda Milia nyuma yake, chubwi! Mbuni naye anaosha miguu, anasukutua, anatema humo humo, ptuu! Wanakunywa, wanaoga, wanapiga soga. Wakija kutoka, maji yamegeuka uji wa ulezi. Huo uji ndio walioachiwa wadogo.

Mmoja wa hao wadogo alikuwa Mama Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kale kanyama ka kwenye majabali, kanene kidogo, hakana hata mkia wa kuringia. Lakini mdomo! Mama wee! Mdomo wake mmoja ungetosha kijiji kizima. Na hakuwa peke yake. Shangazi zake, mama zake wadogo na binamu zake walikuwa wamejenga huyu jiwe hili, yule jiwe lile, mpaka Kilima Kipara chote kilikuwa kimezungukwa na ukoo wa pimbi.

Asubuhi moja Mama Pimbi alimkuta binti yake wa mwisho, Nyamizi, amejikunja kwenye mkeka.

"Mama, tumbo."

"Umekula nini?"

"Sijala kitu. Nimekunywa maji."

Mama Pimbi akachungulia mtungini. Akauinamisha upande huu, akauinamisha upande ule. Chini hapakuonekana. Kulikuwa na tope, kulikuwa na unyoya wa Mbuni, na kulikuwa na kitu kingine ambacho sitawatajia kwa sababu baadhi yenu hamjala chakula cha jioni.

Alimpapasa mtoto tumbo mpaka akalala. Kisha akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaitazama chemchemi kule chini. Nyati alikuwa bado anaoga.

"Basi," alisema. "Imetosha. Mbio zijazo na sisi tunakimbia."

Akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake Digidigi.

"Hodi shoga! Unajua kukimbia?"

"Nikiogopa tu," alijibu Digidigi kutoka nyuma ya pazia.

"Na unaogopa mara ngapi kwa siku?"

"Kutwa nzima."

"Basi wewe ni mwanariadha. Vaa, twende."

Wa tatu ndiye aliyesumbua kupatikana. Panya alisema ana mguu mbovu, Kanga akasema ana wageni, Kicheche hakufungua hata mlango. Akabaki Mjomba Nungunungu, mzee mnene mwenye maneno machache, ambaye mara ya mwisho kukimbia ilikuwa siku ya harusi yake, na hakupenda kueleza alikuwa akikimbilia upande gani.

"Mimi, wanangu, huwa natembea tu," alisema huku akikoroga chai yake.

"Basi tutatembea haraka haraka, mjomba."

"Haraka kiasi gani?"

"Haraka ya mtu aliyesahau chungu motoni."

Nungunungu alifikiri. Akaitazama chai yake. Ilikuwa na rangi ya chai kabla hajatia majani.

"Haya," alisema. "Nitakuja na kandambili zangu. Nikifa, mnizike kivulini."

Siku ya kwanza ya mazoezi, jua halijachomoza, wakakutana chini ya kilima. Habari ilikuwa imeshazagaa. Shangazi wote wa Mama Pimbi walikuwa wametoka na khanga zao, wamekaa juu ya majabali kana kwamba kuna harusi. Walipomwona mtoto wao anajinyoosha miguu, aa, nani angewazuia?

"Keleele-lele-leleee! Pimbi oyee! Mwendokasi huyo! Chuma hicho!"

Mama Pimbi akasikia damu inamchemka. Miguu ikawa si yake tena. Akachomoka, fyaa! Vumbi likabaki nyuma, tifu! Akapita jabali la kwanza, akapita la pili, vigelegele vikamsukuma, akahisi angeweza kufika mbinguni na kurudi.

Kabla ya kona ya kwanza, kichomi kikamshika ubavuni. Akasimama. Akainama. Akakaa. Akalala chali katikati ya njia, ulimi nje, heh heh heh heh.

Digidigi naye? Alisikia kelele akadhani kumevamiwa. Alikimbia hadi kichakani na akabaki humo.

Baada ya muda mrefu ikasikika sauti, chaka, chaka, chaka, chaka. Ilikuwa miiba ya Mjomba Nungunungu ikigongana mgongoni kila alipotua mguu. Alikuja na mwendo ule ule aliokuwa ameondoka nao. Akafika, akamtazama mpwa wake pale chini.

"Hujambo?"

"Mjomba, nakufa."

"Pole. Ukimaliza kufa, unifuate."

Akapita. Chaka, chaka, chaka, mpaka akapotelea kwenye kona.

Mama Pimbi alibaki amelala pale akitazama mawingu. Alikuwa na aibu mpaka masikio yanawaka. Lakini mnamjua Pimbi: hata akiwa amelala chali, kichwa chake kiko kazini. Akajiuliza, nani kaniangusha? Miguu? Hapana, miguu ninayo. Jua? Hata halijatoka. Ni wale shangazi! Wamenipenda mpaka wameniua!

Akakaa kitako. Akaanza kutabasamu peke yake. Kisha akacheka, kwi kwi kwi, huku ubavu bado unamuuma.

Tangu siku hiyo mazoezi yalibadilika. Shangazi walikatazwa kutoka nje. Mbele alitangulia Nungunungu, na miiba yake ndiyo iliyoshika mwendo: chaka, chaka, chaka. Hakuna aliyeruhusiwa kuipita. Wakaingia mchakamchaka kama wanafunzi, Pimbi anaimbisha, wenzake wanaitikia:

"Guu la kwanza!"

"Tumelitua!"

"Guu la pili!"

"Tumelitua!"

"Nani kaachwa?"

"Hakunaaa!"

Wimbo ulikuwa na faida yake. Mtu akishindwa kuitikia, maana yake pumzi imekwisha, na wote wanapunguza. Digidigi naye aligundua kwamba ukiwa unaitikia huna nafasi ya kuogopa. Walianza kwa kufika konani. Baadaye wakafika kwenye Jabali la Chungu. Baadaye wakavuka bonde la changarawe, upande wa nyuma wa kilima ambako jua linachoma mpaka mawe yanaomba maji.

Huko ndiko Nungunungu alikokaa chini siku moja akakataa kuinuka.

"Niacheni. Nendeni nyie wawili. Nyie vijana."

Digidigi akarudi, akachuchumaa mbele yake. "Wawili hawahesabiwi, mjomba. Hata tukifika alfajiri, tutakusubiri wewe tu."

"Basi tafuteni mwingine."

"Mwingine hana miiba," alisema Digidigi. "Mimi bila ile sauti yako naingia kichakani. Unanijua."

Nungunungu akavuta pumzi. Mama Pimbi akamshika mkono.

"Mjomba, mpaka jiwe lile pale tu. Ukifika hapo, ukae."

"Lile dogo?"

"Hilo hilo."

Akainuka. Chaka, chaka, chaka. Wakafika.

"Sasa mpaka kile kichuguu tu," alisema Pimbi.

"Ulisema jiwe."

"Kichuguu kina kivuli, mjomba."

Chaka, chaka, chaka. Kichuguu hakikuwa na kivuli chochote.

"Wewe mtoto unanidanganya."

"Ndiyo, mjomba. Na wewe unadanganyika vizuri sana. Sasa mpaka pale kwenye kona."

Mzee akacheka mpaka miiba ikatingishika yote. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, watatu hao walikizunguka Kilima Kipara chote. Walipofika chemchemini walikumbatiana, na Digidigi akatokwa damu kidogo kwa sababu ya miiba, lakini hakujali.

Mvua zikaja, zikapita, siku ya kujiandikisha ikafika. Mwamuzi alikuwa Mzee Korongo, mwenye shingo ndefu, miguu mirefu na subira fupi. Watatu wale walipojipanga mbele yake, Nyati alicheka mpaka akapaliwa.

"Ho ho ho! Punda, njoo uone! Mto wa sindano unataka kukimbia!"

"Na huyu mdogo anatetemeka nini?" aliuliza Punda Milia. "Kwani kuna baridi?"

Mbuni yeye alikuwa akijitazama miguu yake tu, jinsi ilivyo mizuri.

"Mzee Korongo," alisema Mama Pimbi kwa adabu, "tukumbushe sheria, maana sisi ni wageni."

"Kushikana, marufuku. Kutegana miguu, marufuku. Kukata njia, marufuku. Timu haijafika mpaka mtu wake wa tatu afike. Kuna lingine?"

"Kuimba je?"

"Imba hadi ukauke."

"Na kushangilia?"

"Ruksa."

"Kumshangilia yeyote?"

"We mama, nimesema ruksa! Mshangilie hata mpinzani wako ukitaka!"

"Ahsante, baba," alisema Mama Pimbi, akapiga goti.

Jioni ile alizunguka jabali kwa jabali akiongea na ukoo wake. Alianza kwa Shangazi Mkubwa, ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka vijiji vya jirani.

"Shangazi, kesho nataka mtoke wote. Vigelegele, matawi, khanga, kila kitu."

"Hayo ndiyo maneno! Nilijua tu utatuhitaji!"

"Mumshangilie Nyati."

Shangazi Mkubwa akashika kifua. "Nani?"

"Nyati. Na Punda Milia. Na Mbuni. Kila mmoja kwa jina lake. Akipita Mbuni, mwambieni hakuna kama yeye. Akipita Punda, mwambieni hivyo hivyo. Na Nyati, msifuni mpaka makoo yakauke."

"Nyati huyu huyu aliyevunja mtungi wangu?"

"Huyo huyo, shangazi."

"Mtoto, umepigwa na jua?"

"Na sisi tukipita, msipige kelele yoyote. Tuambieni neno moja tu: taratibu."

Shangazi Mkubwa alimtazama. Kisha macho yake yakaanza kumeta. Alikumbuka siku ile ya kwanza, jinsi mtoto wao alivyochomoka na jinsi alivyorudi ameshika ubavu.

"Ewaaa," alisema polepole. "Ewaaa! Yaani tumpende kama tulivyokupenda wewe!"

"Zaidi, shangazi. Yeye ni mkubwa."

Kesho yake kilima kizima kilijaa watu. Korongo akainua bawa, akalishusha, fwaa! Mbio zikaanza.

Nyati, Punda Milia na Mbuni waliondoka kwa mwendo wao wa kila mwaka, mwendo wa watu wasio na mshindani, wakitaniana. Laiti wangebaki hivyo, hadithi yangu ingekuwa fupi na ya huzuni. Lakini walipofika jabali la kwanza:

"Keleele-lele-leleee! Mbuni! Mbuni! Tazameni miguu! Hakuna kama Mbuni!"

Mbuni akanyoosha shingo. "Mmesikia?" aliwaambia wenzake. Akaongeza kidogo, kidogo tu, ili waone vizuri.

"Punda Milia wee! Mapambo ya nchi! Mbuni hakuwezi!"

"Wamesema hanishindi," alisema Punda Milia, naye akaongeza.

"Nyatiii! Baba lao! Ardhi inatetemeka! Hao wawili ni watoto wako!"

Oo, wanangu! Nyati akasikia masikio yanasimama. Katika maisha yake yote watu walimkimbia, hakuna aliyewahi kumpigia kigelegele. Akainamisha pembe, akatimua, gudu gudu gudu gudu! Akampita Punda. Jabali la pili likampandisha Punda, akampita Nyati. Jabali la tatu likamwita Mbuni, akawapita wote. Kila jabali lilikuwa na shangazi, na kila shangazi alikuwa na sifa mpya. Wakasahau kwamba wao ni timu moja. Kila mmoja alitaka jabali linalofuata limwite yeye kwanza.

Nyuma kabisa, chaka, chaka, chaka.

"Guu la kwanza!"

"Tumelitua!"

"Taratibu," walinong'ona shangazi kutoka juu. "Taratibu, wanetu."

Lakini nisiwadanganye. Mama Pimbi aliogopa. Vumbi la wakubwa lilikuwa mbali mbele, dogo kama moshi wa jiko, na likizidi kwenda. Akamfikiria Nyamizi amejikunja kwenye mkeka. Je, kama nimekosea? Je, kama kwa miguu ile sifa haziui?

Na hapo hapo binamu yake mmoja, Kidawa, binti asiyeweza kushika ulimi, akamwona dada yake anapita, uvumilivu ukamshinda.

"Pimbi oyeeee! Wachukue hao! Unawaweza, dada!"

Fyaa! Miguu ikamruka Mama Pimbi. Alikuwa ameshampita Nungunungu, ameshampita Digidigi, anaenda, anaenda, na ubavu umeanza kumnong'oneza.

"Pimbi!" aliita Nungunungu nyuma yake, bila kubadilisha mwendo. "Mbona huimbishi? Nani kaachwa?"

Mama Pimbi akasikia swali lake mwenyewe likimrudia. Akapunguza. Akangoja mpaka ile chaka, chaka ikawa tena sikioni mwake.

"Hakuna," alijibu kwa aibu.

"Sauti!"

"Hakunaaa!" waliitikia wote watatu, na Digidigi akamshika Mama Pimbi bega kidogo, akamwachia. Mwamuzi asije akaona.

Upande wa nyuma wa kilima, kwenye bonde la changarawe, jua lilikuwa limeshapanda. Mbuni na Punda Milia, wepesi wa mwili, walilivuka wakiwa wanayumba lakini wakalivuka. Nyati alikuwa na mwili wa kubeba. Alifika katikati ya bonde, macho mekundu, povu mdomoni.

"Nyatiii! Simba anaomba ruhusa kwako! Ongezaaa!"

Akaongeza. Akaongeza tena. Halafu goti moja likamwambia samahani, la pili likamwambia kwaheri, na Nyati akaenda chini, puuu! Vumbi lilipotulia, alikuwa amejilaza kando ya jabali, ulimi ukipangusa mchanga.

Kule chemchemini Mbuni akaingia wa kwanza, Punda Milia akamfuata, wakaanguka juu ya nyasi.

"Tumeshinda! Heh, heh. Tumeshinda!"

Korongo akatazama nyuma yao. "Wa tatu yuko wapi?"

Mbuni akamtazama Punda. Punda akamtazama Mbuni.

"Si alikuwa na wewe?"

"Na mimi? Mimi nilikuwa nakukimbiza wewe!"

Nyati, pale alipolala, alisikia kitu. Chaka, chaka, chaka. Akafumbua jicho. Mto wa sindano huo unakuja, na kimoja kinachotetemeka, na kimoja kisicho na mkia, wanaimba! Walimpita hawajageuza shingo, mwendo ule ule wa asubuhi.

"Mpaka jiwe lile tu, mjomba."

"Halafu kichuguu, najua."

Wakaenda. Wakapita kona ya mwisho, chemchemi ikaonekana kule chini. Lakini hasira, wanangu, nayo ina nguvu zake. Nyati akainuka. Alikuwa amepumzika vya kutosha kuwa hatari. Gudu, gudu, gudu, gudu! Ardhi ikaanza kutetemeka kweli.

"Anakuja!" Digidigi alilia. "Mama yangu, anakuja! Tukimbie!"

"Ukikimbia, mjomba atabaki," alisema Mama Pimbi. "Imba!"

"Siwezi!"

"Basi itikia tu!"

Nyati alikuwa anakaribia, na Nungunungu hakuwa na mwendo mwingine wa kuongeza. Angekwenda hivyo hivyo Nyati angewapita, angefika, na kiangazi kizima wangekunywa tope. Mama Pimbi alijua amebakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni mdomo. Akageuza kichwa, akakusanya pumzi yote aliyoitunza tangu asubuhi.

"Nyatiiii! Baba wa mbio! Jamani mtazameni, alikuwa amelala usingizi kwa kutudharau! Tuonyeshe, bwana mkubwa! Tuonyeshe mbio zako zile za kweli!"

Na shangazi wote, kilima kizima, na Shangazi Mkubwa akiwa mbele yao: "Keleele-lele-lele-leleeeee!"

Nyati angefanya nini? Mwendo aliokuwa nao ungemfikisha. Lakini nani anabaki na mwendo wake nchi nzima inapoliita jina lake? Akatoa mbio zile za kweli. Akawapita wale watatu, shwaaa, upepo wake ukamwangusha Digidigi. Akashuka mteremko pembe mbele, mkia juu. Chemchemi hiyo hapo! Korongo huyo hapo! Zimebaki hatua za kuhesabu kwa vidole!

Puuuuu!

Alianguka kama nyumba. Akateleza kwa tumbo, akasimama pua yake ikiwa imekaribia mstari kiasi cha kuweza kuulamba.

"Inuka!" Punda Milia alifoka.

"Gogo wewe!" Mbuni alimzomea. "Umetuaibisha! Jitambaze basi!"

Nyati alijaribu kunyanyua mguu. Mguu ulikataa. Akajaribu kutoa ulimi uguse mstari, Korongo akamwambia ulimi hauhesabiwi.

Chaka. Chaka. Chaka.

Kilima kikanyamaza. Hata Kidawa alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama Pimbi alikuwa amemwinua Digidigi kwa maneno, maana kwa mikono ni marufuku, na sasa walikuwa wanateremka pamoja, Nungunungu katikati, macho yake yamefumbwa, midomo ikitembea.

"Guu la kwanza," Mama Pimbi aliimba taratibu.

"Tumelitua."

"Guu la pili."

"Tumelitua."

Wakampita Nyati. Digidigi akavuka mstari. Mama Pimbi akavuka. Nungunungu akasimama mbele ya mstari, akafumbua jicho moja.

"Ni hapa kweli, au kuna kichuguu kingine?"

"Ni hapa, mjomba! Wallahi ni hapa!"

Akavuka.

Korongo akainua mabawa yote mawili. Basi hapo, wanangu, shangazi waliachiliwa! Vigelegele vilipigwa siku ile mpaka mawe yakaporomoka. Walirukaruka, walilia, walirusha khanga. Mjomba Nungunungu alitaka kubebwa juu juu, lakini hakupatikana wa kumbeba. Digidigi alicheza katikati ya umati, yeye ambaye hata kivuli chake kilikuwa kikimstua.

Nyati alipopata pumzi, akalalamika. "Mzee Korongo, huyu mama kafanya hila! Jamaa zake wamenishangilia!"

"Wamekushangilia?" aliuliza Korongo.

"Ndiyo! Njia nzima!"

"Wamekushika? Wamekutega mguu?"

"Hapana, lakini..."

"Unashitaki kwamba umesifiwa," alisema Korongo. "Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi. Hilo ni la kwanza." Akakunja shingo, akaenda zake.

Mama Pimbi akamletea Nyati maji kwenye kata, maana hakuwa na roho mbaya. "Pole, bwana mkubwa. Kunywa. Na mimi wamewahi kunipiga mwereka huo huo."

Asubuhi iliyofuata wadogo waliteka kwanza. Walikwenda kimya kimya, kila mtu akiinama pembeni, hakuna aliyetia mguu ndani. Nyamizi alishikwa mkono na mama yake mpaka ukingoni. Akainama anywe. Akasita. Akarudi nyuma na kumvuta mama yake khanga.

"Mama! Kuna mtoto humo ndani!"

Mama Pimbi akainama karibu yake, naye akaonekana, shavu kwa shavu, wote wawili ndani ya maji safi. Mtoto alikuwa hajawahi kuuona uso wake.

"Ni wewe, mwanangu," alisema Mama Pimbi, na machozi yakamtoka bila kuficha. "Kunywa. Kunywa taratibu."

Nami yangu yameishia ukingoni hapo, mwenye kiu ateke: anayekutakia mema kwelikweli hukushangilia, na pia hukwambia wakati wa kupunguza mwendo.